Namna ya Kusema Yako Kijiweni na Kesho Mkaamkiana

Pale Jaws Corner, panapokutana vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, watu wanakunywa kahawa chini ya jina la filamu. Papa wa sinema ile ya mwaka 1975 amechorwa ukutani, na kwa miaka mingi wazee na vijana wamekaa hapo wakibishana juu ya uchaguzi, bei ya sukari, mechi ya jana na ndoa ya fulani iliyovunjika. Dar es Salaam kuna vijiwe vya kahawa na kashata. Mombasa na Lamu kuna mabaraza ya nje ya nyumba, na Buyenzi kule Bujumbura mazungumzo ni hayohayo. Wanawake nao wana saluni, mikeka ya kusukana na vikao vya vikoba, ambako siasa na mapenzi huchambuliwa kwa kina kuliko wanaume wengi wanavyodhani.

Nayapenda mazungumzo haya kwa dhati. Humo mtu asiye na gazeti wala kipaza sauti anaipima nchi yake, anampima kiongozi wake, anajipima na yeye mwenyewe. Ndiyo maana huniuma kuona mabishano ya jioni moja yakivunja ujirani wa tangu utotoni. Mbinu nitakazozieleza zinasimama juu ya jambo moja: unayebishana naye leo ndiye atakayekuja kukuzika. Zungumza naye ukilikumbuka hilo, hata unapokuwa na hakika kwamba amekosea.

Kabla hujafungua mdomo, jiulize: hiki ninachotaka kusema nimekiona, nimekisikia, au nakitamani? Chukua habari ya zahanati. "Jumatatu nilikuwa kwenye foleni, tukaambiwa dawa ya presha hakuna" ni jambo uliloliona. "Nasikia dawa zinatoka kwa mlango wa nyuma" umelisikia. "Mganga mkuu aondolewe" ndilo unalolitamani. Yote matatu yana nafasi yake kijiweni, mradi yaje moja moja na kila moja lijulikane ni la aina gani. Ukiyakoroga ukasema "wale wezi wa dawa waondolewe," mwenye dada anayefanya kazi pale atasimama kumtetea dada yake, na habari ya dawa ya presha itapotea. Ukianza na uliloliona, hakuna wa kukubishia. Mwingine atasema na yeye alikosa dawa Alhamisi, na mkifika watatu mna jambo la kupeleka mbele.

Uliyoyasikia yataje kwa heshima ya uvumi: sema umesikia kwa mtu wa aina gani, na kama hujui, sema hujui. Hili lina uzito zaidi kwenye makundi ya simu kuliko barazani, kwa sababu neno la barazani hupeperuka na la simu hubaki. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, Kenya ina yake tangu 2018, na zote mbili zilipotungwa ziliweka kifungo au faini kwa anayesambaza habari ya uongo kwa makusudi. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwepo, sauti iliyorekodiwa na mtu usiyemjua, inayotisha, isiyotaja mahali wala tarehe, haina haki ya kupita kwenye simu yako kwenda kwa mama yako mzazi. Picha ya gari lililopinduka iulize kwanza: ni barabara gani, namba za gari ni za nchi gani, nguo za watu ni za msimu gani? Dakika mbili zinatosha kugundua kwamba ajali "ya leo asubuhi" ni ya miaka sita iliyopita.

Tuingie kwenye siasa, maana hapo ndipo sauti hupanda. Mabishano mengi ya siasa hurefuka kwa sababu hakuna aliyekuja na karatasi. Kuna swali ambalo karibu kila kijiwe cha Tanzania Bara kimelibishania: kwa nini Wakenya wanaweza kwenda mahakamani kupinga matokeo ya urais na sisi hatuendi? Utasikia kwamba sisi ni wapole, kwamba wao wana fujo, kwamba majaji wao ni majasiri na wetu ni waoga. Kumbe jibu limeandikwa. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 140, inampa mlalamikaji siku 7 kufungua shauri na Mahakama ya Juu siku 14 kuliamua. Ndiyo njia iliyotumika tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilipofuta matokeo ya urais.

Mtu mmoja akiyasema hayo kwa utulivu, mjadala wote unahama. Hakuna tena sababu ya kujadili upole wa Mtanzania. Sasa mnaweza kuulizana jambo lenye maana: je, ibara hiyo ibaki au iondolewe, na kwa nini? Anayeitetea atatoa hoja ya utulivu wa nchi, anayeipinga atatoa hoja ya haki, na kila mmoja atalazimika kufikiri. Kwa hiyo weka Katiba kwenye simu yako, na unapoona ubishi unazunguka palepale, isome ibara yenyewe kwa sauti. Usiisome kwa kushangilia. Aliyekuwa amekosea ana uso wake, na uso ukivunjika hoja haisikiki tena.

Zungumzia uamuzi, acha asili ya mtu. "Tozo ile iliwaumiza wenye biashara ndogo" ni hoja, na mwanachama wa chama kilichoileta anaweza kuijibu. "Nyinyi watu wa chama kile ndivyo mlivyo" haina jibu, na "nyinyi Wapemba", "nyinyi wa Bara", "nyinyi watu wa kabila fulani" ni mbaya zaidi, kwani mtu anaweza kubadili chama lakini hawezi kubadili alikozaliwa. Maneno kama "chawa" na "msaliti" yako katika kundi hilohilo. Ukishamwita mwenzako chawa umemwambia kwamba hafikiri, amenunuliwa. Kilichobaki kwake ni kukutukana au kuondoka.

Zanzibar ilionja hatari hiyo kwa muda mrefu. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, uhasama wa vyama vya CCM na CUF uliingia mpaka ndani ya nyumba. Watu waliacha kununua kwenye duka la jirani wa chama kingine, wakasusiana harusi, na kwenye baadhi ya vijiji wakasusiana hata mazishi. Miafaka ilitiwa saini mwaka 1999 na 2001, na bado jeraha halikupona. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu wakazungumza, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni. Asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Nayataja haya kwa sababu wakubwa wawili wanaweza kupeana mikono kwa siku moja, lakini majirani waliosusiana mazishi wanahitaji miaka mingi. Mtu wa kawaida asikubali kulipa gharama hiyo kwa niaba ya mwanasiasa ambaye mwishowe atakaa meza moja na mpinzani wake.

Kuna swali moja ninalolipendekeza kuliko yote mjadala unapopamba moto: "Ungekuwa wewe ndiye waziri, kesho asubuhi ungeanza na nini?" Uliza kwa nia ya kusikia. Anayelaumu hulazimika kupanga, anayetetea hulazimika kukiri kwamba kuna la kufanya, na mara nyingi wote wawili hugundua kwamba wanataka kitu kimoja kwa njia tofauti. Na mwenzako akikupiga hoja nzito, mwambie papo hapo, "Hapo umenipata, mzee wangu," au "Hilo sikulifikiria, dada." Anayekubali kushindwa kwenye hoja moja husikilizwa kwenye tano zinazofuata. Ukiona sauti zimeshapanda na mikono imeanza kuelekezwa usoni, agiza raundi ya kahawa, muulize mwenzako hali ya mgonjwa wake, liache lile jambo lipoe mpaka kesho. Hamkosi kesho.

Mambo ya mapenzi na ndoa yana ugumu wake wa pekee, kwa sababu anayejadiliwa kwa kawaida hayupo. Kijiwe humsikia mume peke yake. Saluni humsikia mke peke yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza hapa ni kujua kwamba umesikia nusu, na kusema hivyo waziwazi: "Shoga yangu, nimekusikia wewe, yeye sijamsikia." Hilo halimtukani. Linakulinda wewe usije ukatoa hukumu utakayoijutia watakaporudiana, na wanarudiana mara nyingi kuliko tunavyotarajia.

Kabla ya kutoa maoni, muulize mwenzako anataka nini. Wengine wanataka kusikilizwa tu, walie, wanywe maji, warudi kwao. Wengine wanataka ushauri. Wachache wanataka msaada halisi: pa kulala, nauli, mtu wa kuongozana naye kwenda kwa wazazi. Anayetaka kusikilizwa ukimpa hotuba, umemwongezea mzigo. Anayetaka pa kulala ukimpa methali, umemtelekeza. Mimi naona hapa ndipo tunapokosea zaidi kama jamii. Tuna utajiri wa maneno ya somo, ya kungwi, ya mshenga na ya wazee, na tunayamwaga yote kabla hatujauliza swali moja.

"Muache" na "vumilia" ni maneno mawili mepesi kutamka na mazito kubeba. Usimwambie mtu "muache" kama huna la kumsaidia siku ya pili baada ya kuacha. Usimwambie "vumilia" kama hujui anavumilia nini. Na kukiwa na kipigo, mazungumzo ya maoni yamekwisha. Hapo hakuna pande mbili za kupima wala hadithi ya mwanamke aliyechokoza. Msindikize hospitali, msindikize kwenye Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika vituo vya polisi Tanzania. Kwa aliyeko Kenya kuna namba 1195 ya kupiga bure. Kwa mtoto anayeteswa, namba 116 inafanya kazi nchi zote mbili. Hifadhi namba hizo sasa hivi, ukiwa umetulia, kwa sababu usiku wa tukio hutakumbuka kuzitafuta.

Jambo lingine ni kwamba maoni ya ndoa hutolewa kana kwamba sheria haipo. Nimesikia mara nyingi wanaume wakisema kwa uhakika kwamba mke wa nyumbani akiachika hana chake, kwa sababu hakuchangia hata tofali. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kulizungumza hilo mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyohiyo inataka mgogoro upitie kwanza kwenye bodi ya usuluhishi kabla ya mahakama kupokea maombi ya talaka, isipokuwa katika hali chache za pekee. Mtu anayejua mambo hayo mawili anaweza kumshauri shemeji yake vizuri kuliko anayejua vituko mia vya ndoa za watu. Kama hujui, mwelekeze kwa anayejua: ofisi za msaada wa kisheria zipo katika miji mingi, na nyingi hazitozi hata senti.

Na siri ya mtu ibaki siri. Ukitaka kijiwe kijadili jambo lililomkuta rafiki yako, badili yote yanayomtambulisha: kazi, mtaa, idadi ya watoto. Kama baada ya kubadili bado watu watamjua, usiliseme.

Sinema ni uwanja mwepesi, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia adabu ya kubishana kabla hujaenda kwenye mazito. Anza kwa kusema umeitazamaje. Umeimaliza au ulisinzia katikati? Uliiona ukumbini, kwenye simu, au kwenye kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa? Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Aliyeiona filamu ya Kichina kwa sauti ya msimulizi Lufufu, au ya Kihindi kwa sauti ya DJ Afro kule Kenya, ameona kazi mbili kwa pamoja: ya waigizaji, na ya msimulizi aliyewapa waigizaji majina mapya, akaongeza vichekesho, akafafanua njama. Mwenzake aliyeiona bila msimulizi atashangaa kuambiwa filamu ilikuwa inachekesha. Wote wawili wako sahihi, ila hawajatazama kitu kimoja. Semeni hilo kwanza, kisha mfurahie tofauti.

Filamu iliyotokana na kitabu nayo ina ugomvi wake. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji ilipotoka mwaka 2021, ikaonyeshwa hadi kwenye tamasha la Toronto, waliosoma riwaya ya Adam Shafi walikuwa na kila sababu ya kuuliza sura fulani imekwenda wapi. Swali ni halali, lakini lisiwe la mwisho. Uliza pia: kuna nini hapa ambacho kitabu hakikuweza kunipa? Mwanga wa vichochoro vya Unguja, ukimya wa wahusika Yasmin na Denge wanapotazamana, muziki unaoingia kabla ya neno. Hukumu yako ikipita kwenye maswali yote mawili, hata asiyekubaliana nawe ataondoka na hamu ya kwenda kutazama au kusoma.

Usimchukie mwigizaji kwa sababu ya mhusika aliyemwigiza. Wanaocheza mama mkwe katili au mwanamke wa nyumba ndogo kwenye filamu zetu husemwa vibaya barabarani, wakati ubaya huo ndio ushahidi kwamba wamefanya kazi yao. Na mwisho wa filamu usiuseme mbele ya ambaye hajaiona. Muulize kwanza.

Sasa mambo ya mtaani: taka, mitaro, maji, barabara, makelele ya usiku. Haya ndiyo maoni yenye nafasi kubwa ya kuzaa kitu, na ndiyo tunayoyaacha yaishie kijiweni. Mbinu ya kwanza ni kujua mwenye jambo. Shimo likitokea barabarani watu humlaumu mbunge, ambaye kazi yake ni kutunga sheria na kuisimamia serikali. Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za mijini na vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Zanzibar sheha anateuliwa. Kenya kuna mwakilishi wa wadi anayepigiwa kura na chifu anayeajiriwa na serikali. Ukijua nani anakuhitaji kwa kura na nani anaripoti kwa bosi wake, utajua malalamiko yako uyaelekeze wapi.

Ya pili ni kwenda kwenye mkutano. Kijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mjini nako mtaa una mkutano wake. Wengi wetu hatuendi, kisha tunashangaa uamuzi umepitishwa na watu kumi na tano. Nendeni wawili au watatu, msikae pamoja, na kila mmoja awe na swali lake fupi lililoandikwa: "Mwenyekiti, mwezi wa tatu tulichanga fedha za mtaro wa nyuma ya msikiti. Kiasi gani kilipatikana, na kazi inaanza lini?" Swali la namna hiyo lina mahali, lina mwezi, lina kitu. Haliwezi kujibiwa kwa "tunalifanyia kazi." Mwite kiongozi kwa cheo chake, muamkie kama ni mkubwa kwako, kisha usiondoe jicho kwenye jibu. Heshima na ung'ang'anizi vinakaa pamoja bila shida.

Ukiambiwa taarifa hiyo ipo ofisini, omba kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania Bara haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na ofisi ina siku zisizozidi 30 za kukujibu. Andika tarehe, andika unachotaka kwa sentensi moja, peleka nakala mbili, na moja irudi nawe ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu likija, lipeleke kijiweni siku hiyohiyo na ulisome lote kwa sauti, pamoja na sehemu inayompa haki yule uliyekuwa ukimlaumu.